Umemaliza Shahada ya Biashara, Sasa Uelekee Wapi? Mwongozo Kamili wa Kuchagua Kazi ya Fedha Kisumu, Nakuru na Magharibi

Kila baada ya mahafali ya Maseno, Egerton, Kabarak na Masinde Muliro, maswali yanayonifikia ni yaleyale. Nifanye CPA, ile mitihani ya uhasibu, au CFA, ile ya uwekezaji? Nirudi kusoma shahada ya uzamili? Mbona nimetuma maombi kwa kila benki na hakuna anayenijibu?

Wanaouliza si wavivu. Wameanzia mwisho tu. Wanalipia mtihani kwanza, kisha wanazunguka wakitafuta kazi itakayoufaa mtihani huo. Hapa tunaanza na kazi: uijue, uionje, ndipo ulipie karatasi, yaani cheti cha kitaaluma, inayodaiwa na kazi hiyo.

Ukifuata hatua hizi bila pupa, zitakuchukua kama miezi mitatu. Sehemu kubwa ya muda huo itaishia kwenye hatua ya tano, na hiyo ndiyo watu hupenda kuiruka.

## Utakachohitaji

- Nakala rasmi ya matokeo yako ya chuo, somo kwa somo. Cheti peke yake hakitoshi, maana bodi za mitihani huangalia masomo uliyofanya.
- Kitambulisho, PIN ya KRA na salio la mkopo wako wa HELB. Usikisie salio hilo. Liangalie kwenye akaunti yako, au pitia dawati lao katika Huduma Centre.
- Kompyuta yenye Excel. Huna? Azima. Kwa kusoma na kuandika, maktaba za umma za Kisumu na Nakuru zina meza na utulivu.
- Daftari moja la kazi hii tu.
- Nauli na chakula cha miezi mitatu, au mtu wa nyumbani aliyekubali kukushikilia kwa muda huo. Mwambie mapema ni miezi mingapi. Shangazi anayejua tarehe ya mwisho huvumilia kuliko yule anayeambiwa "bado natafuta".

## Hatua ya 1: Jipime kwa pengo la shilingi 12,500

Tuseme mwenye duka la pembejeo pale Kibuye amekukabidhi vitabu vyake vya mwezi Machi. Daftari la mauzo linasema ameuza bidhaa za shilingi 186,400. Taarifa ya till ya M-Pesa inaonyesha ziliingia 121,900. Karatasi za benki zinaonyesha aliweka taslimu 52,000. Jumla ya pesa inayoonekana ni 173,900. Pengo ni 12,500.

Unachimba. Unakuta 7,000 ni mbolea aliyochukua mkulima wa Ahero kwa deni, lakini keshia aliiandika kama imelipwa. 3,500 mwenye duka alizitoa kwenye droo akanunulia mtoto sare ya shule, bila kuandika popote. 2,000 zilizobaki hakuna anayejua zilikokwenda.

Simama hapo. Ni swali gani linalokuwasha?

Kama huwezi kuondoka kabla ya kuzipata zile 2,000, wewe ni wa uhasibu au ukaguzi wa hesabu. Kama unajiuliza yule mkulima ni nani, anavuna lini na kwa nini aliaminiwa, unaelekea mikopo. Kama umeziacha 2,000 na unataka kujua mbolea imekaa stoo siku ngapi na faida halisi ya kila gunia ni kiasi gani, hiyo ni kazi ya uchambuzi wa fedha na upangaji wa bajeti. Kama umeshaanza kumtetea mwenye duka kuhusu ile sare, na ungependa kukaa naye mpangie akiba ya karo, basi huduma kwa wateja wa benki, bima na pensheni vinakuita.

Sababu ya hatua hii: Majina ya vyeo hudanganya. "Afisa wa fedha" katika ofisi moja ni mtu wa kupanga vocha, katika nyingine ni mshauri wa mkurugenzi. Swali linalokuwasha ndilo utakaloamka nalo kila Jumatatu.

Tahadhari: Usijibu kama uko mbele ya jopo la mahojiano. Na kama hakuna swali hata moja lililokugusa, hilo pia ni jibu. Ununuzi, masoko na usimamizi wa wafanyakazi ni kazi halali, na shahada yako inazifungua.

Umefaulu ikiwa: Daftarini mna sentensi moja inayoanza "Nataka kazi ambayo kila siku ninajiuliza..."

## Hatua ya 2: Orodhesha meza zilizopo kwenu

Makosa mengi huzaliwa hapa. Vitabu vya chuo vimejaa masoko ya hisa na benki za uwekezaji, na mhitimu wa Bungoma anapanga maisha kwa meza, yaani nafasi za kazi, ambazo kaunti yake haina. Andika meza zilizopo kweli.

Sacco. Wahitimu wengi huzidharau, na sijawahi kuelewa kwa nini. Invest and Grow ya Kakamega, Ng'arisha ya Bungoma na Imarisha ya Kericho zilianza kama Sacco za walimu, na leo zinahudumia watu wa kila aina. Sacco zinazopokea akiba za kuweka na kutoa kama benki lazima ziwe na leseni ya SASRA, mamlaka inayosimamia Sacco, kwa hiyo zinahitaji mhasibu, afisa wa mikopo na mkaguzi wa ndani wanaojua kuandaa ripoti za msimamizi huyo. Katika tawi dogo utaona mkopo tangu fomu inapojazwa hadi shilingi ya mwisho inaporudi. Katika benki kubwa unaweza kukaa miaka miwili ukiona kipande kimoja tu.

Viwanda na mashamba. Sukari iko Kibos, Butali na kwingineko katika ukanda wa miwa, chai iko Kericho na Nandi, maua yako Naivasha. Huku mtu anayethaminiwa ni mhasibu wa gharama: anayejua tani moja ya miwa imegharimu nini kuanzia shambani, kwenye trela, hadi inapofika kwenye mizani ya kiwanda. Somo hilo wengi walilisoma ili wapite tu. Ukilijua vizuri, washindani wako ni wachache.

Kaunti na mashirika ya umma. Tangu ugatuzi uanze 2013, kila kaunti ina hazina yake, bajeti yake na wakaguzi wake wa ndani. Mwaka wa fedha huanza 1 Julai na kwisha 30 Juni, malipo hupitia IFMIS, mfumo wa kompyuta wa fedha za serikali, na ajira hutangazwa na bodi ya utumishi wa umma ya kaunti. Ni kazi yenye heshima na sheria nyingi. Lakini jua kwamba mgao kutoka Nairobi ukichelewa, mishahara nayo huchelewa. Weka akiba ya angalau mwezi mmoja kabla ya kuichagua.

Mashirika yasiyo ya kiserikali. Kisumu imejaa ofisi hizi, hasa za afya. Mhasibu wa mradi hujifunza nidhamu ya ajabu, maana pesa ya mfadhili ina mstari wake wa bajeti na huwezi kulipia dizeli kwa pesa ya semina. Hata hivyo, Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, miradi mingi ya VVU huku Nyanza ilitikisika na watu wenye uzoefu wa miaka mingi wakajikuta nyumbani. Ukiingia, uliza maswali mawili: mradi unaisha lini, na una wafadhili wangapi?

Ofisi za ukaguzi na kodi. Ni zile zilizo ghorofani kwenye barabara ya Oginga Odinga mjini Kisumu au Kenyatta Avenue kule Nakuru, zenye kibao kidogo mlangoni na mafaili hadi dirishani. Mshahara wa kuanzia ni mdogo na kazi haiishi. Kodi ya mishahara ya wateja inatakiwa kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata, kodi ya ongezeko la thamani (VAT) tarehe 20, na ifikapo 30 Juni kila mtu hukumbuka siku hiyohiyo kwamba hajawasilisha ritani. Ila mwaka mmoja hapo utakuonyesha vitabu vya shule, hospitali, duka la mbao na kanisa. Kwa asiyejua aanzie wapi, mimi humwambia aanzie hapa.

Benki, bima na pensheni. Milango ipo, lakini mingi huanzia kwenye mauzo. Nitarudi kwenye suala la kamisheni.

Uwekezaji. Soko la hisa, kampuni za kusimamia fedha za watu na vitengo vya hazina vya benki viko Nairobi. Ukilichagua hili, chagua na kuhama.

Tahadhari: "Vyuo" vya biashara ya fedha za kigeni vinavyotangazwa kwa picha za magari si njia ya kazi. Anayeshughulika na wateja katika biashara hiyo lazima awe na leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Muulize namba ya leseni, kisha uitafute mwenyewe kwenye orodha ya mamlaka hiyo.

Umefaulu ikiwa: Una majina ya ofisi kumi unazoweza kufika kwa matatu na kurudi siku hiyohiyo, na umeweka alama kwenye tatu zinazolingana na sentensi ya hatua ya kwanza.

## Hatua ya 3: Jua kila meza inadai karatasi gani

Karatasi moja inatosha kwa sasa. Kinachokuongoza ni swali hili: bila karatasi hii, sheria au mwajiri atanizuia nini?

Ukitaka uhasibu au ukaguzi, ni CPA ya KASNEB, bodi ya taifa ya mitihani ya uhasibu. Ina ngazi tatu, na mitihani hufanywa Aprili, Agosti na Desemba. Kutia sahihi hesabu kama mkaguzi huru kunahitaji uwe mwanachama wa ICPAK, chama cha wahasibu wa Kenya, na uwe na cheti cha kuhudumu. Hakuna njia ya mkato hapo. ACCA ya Uingereza ina mitihani 13 na inakubalika, lakini ada zake hupanda na kushuka na pauni, na ofisi nyingi za huku bado huandika CPA kwenye tangazo.

Ukitaka mikopo, KASNEB ina mtihani wa wataalamu wa mikopo, CCP. Si lazima uwe nao ndipo uajiriwe, kwa hiyo usiukimbilie kabla hujapata meza.

Ukitaka uwekezaji, chagua kati ya CIFA ya KASNEB na CFA. CFA ina ngazi tatu, hulipwa kwa dola, na hata ukifaulu zote unahitaji saa 4,000 za kazi inayohusika, katika muda usiopungua miezi 36, ndipo upewe jina hilo. Sasa mtu anayeishi Busia na hana mpango wa kuhama atazitoa wapi saa hizo?

Ukitaka kuuza bima kama wakala, unahitaji cheti cha umahiri, kile kinachoitwa COP, pamoja na usajili wa mamlaka ya bima, IRA. Ni karatasi ya muda mfupi kuliko zote hizi.

Vipi shahada ya uzamili? Isubiri. Inamfaa aliyekwisha kufanya kazi na anataka kupanda hadi usimamizi. Kwa asiye na uzoefu huongeza deni na umri, na mwajiri bado atauliza umewahi kufunga hesabu za mwezi.

Umefaulu ikiwa: Unaweza kutaja karatasi moja tu, na kueleza kwa sentensi moja itakufungulia nini.

## Hatua ya 4: Piga hesabu ya miaka miwili ya kwanza

Chora safu nne: mapato ya mwezi, matumizi ya lazima, ada za mitihani, HELB. Fanya hivyo kwa kila moja ya meza tatu ulizochagua.

Marejesho ya HELB yanatarajiwa kuanza ndani ya mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo, na anayekwepa hutozwa faini ya shilingi 5,000 kwa mwezi. Huna kazi? Waandikie useme hivyo. Ukimya ndio unaogharimu.

Kuhusu kamisheni, kabla hujakubali kazi ya mauzo katika benki au bima, pata majibu haya kwa maandishi: mshahara wa msingi ni kiasi gani? Lengo la mwezi ni lipi? Nisipolifikia miezi mitatu mfululizo, nini kinatokea? Mteja akiacha kulipa, kamisheni niliyokwisha kupewa hurudishwa? Meneja mzuri atakujibu bila kukunja uso. Anayesema "hapa pesa ni wewe tu na juhudi yako" amekwisha kukujibu.

Umefaulu ikiwa: Unajua ni meza ipi unaweza kuimudu bila kukopa kwa simu kila tarehe 20.

## Hatua ya 5: Kaa kwenye meza hiyo wiki sita

Wakati mzuri kuliko wote ni Januari hadi Aprili. Sacco hufunga mwaka wao 31 Desemba, wakaguzi wanaingia, mikutano mikuu inakaribia, na kila ofisi ina kazi kuliko mikono. Kwa kaunti na mashirika ya umma, msongo ni Juni na miezi inayofuata.

Usitume barua ya "naomba nafasi yoyote". Andika hivi, au useme ana kwa ana:

"Habari za asubuhi, Bi. Mkurugenzi. Mimi ni mhitimu wa uhasibu, naishi Nyalenda. Najua mwezi huu mnakagua hesabu za Sacco. Naomba wiki sita za kuwasaidia kupanga vocha na kulinganisha daftari la pesa na taarifa za benki. Nauli nitajigharimia. Naweza kuja kesho kabla ya saa tatu mnione?"

Kinachofungua mlango ni ile sentensi inayotaja vocha na daftari la pesa. Ofisi nyingi hukataa wanagenzi kwa sababu hakuna mwenye muda wa kuwatafutia kazi. Wewe umefika nayo mkononi.

Ukikubaliwa, hakikisha umegusa kazi hizi kabla ya kuondoka. Linganisha daftari la pesa na taarifa ya benki kwa mwezi mzima. Fuata mkopo mmoja tangu fomu hadi malipo ya mwisho. Tazama ritani ya kodi ya mishahara ikiandaliwa hadi inapowasilishwa. Na uzisome vocha, tena nyingi.

Vocha iliyokamilika ina namba, tarehe, jina la anayelipwa, sababu ya malipo, sahihi ya aliyeandaa, ya aliyeidhinisha na ya aliyepokea, na risiti imebanwa nyuma yake kwa stepla. Siku za kwanza zote zitaonekana sawa. Baadaye utaanza kuona vitu: risiti ya tarehe 14 kwenye vocha ya tarehe 9, aliyeandaa na aliyeidhinisha wana mwandiko mmoja, "usafiri" ulioandikwa shilingi 5,000 kamili kila Ijumaa. Muulize aliyekuzidi kazini kwa adabu, faraghani. Mara nyingi kuna maelezo. Wakati mwingine hakuna.

Katika muda huohuo, omba dakika ishirini za mtu aliyekaa kwenye meza hiyo zaidi ya miaka mitano. Usimuulize mshahara. Muulize: jana ulifanya nini kuanzia asubuhi hadi jioni? Sehemu gani ya kazi hii huipendi hata leo? Aliyekutangulia alikwenda wapi? Jibu la swali la mwisho linaonyesha kama njia hiyo inapanda au imefungwa.

Tahadhari: Usitie sahihi karatasi usiyoielewa, hata ukiambiwa ni utaratibu tu. Usipokee pesa za ofisi au za mteja kwenye simu yako. Usitumie nywila ya mteja ya iTax, mfumo wa kodi wa mtandaoni, bila mwenye kazi kujua. Wiki sita zikigeuka miezi sita bila malipo, aga kwa heshima uondoke. Na yeyote anayetaka "ada ya usajili" ili upate kazi, iwe kaunti au benki, ni tapeli, hata akiwa na koti na faili.

Umefaulu ikiwa: Umeliona kosa kabla hujaonyeshwa, na ukataka kujua limetokeaje. Lakini kama kila siku ulikuwa unaangalia saa, futa meza hiyo kwenye orodha na ujaribu ya pili. Nauli uliyotumia ni kidogo kuliko ada ya ngazi moja ya mtihani.

## Hatua ya 6: Amua, kisha ulipie

Sasa ndipo unajisajili kwa ile karatasi moja. Kabla ya kulipia mtihani wowote wa KASNEB, peleka nakala ya matokeo yako uombe kuondolewa masomo uliyokwisha kuyafanya chuoni. Kuondolewa nako kuna ada kwa kila somo, kwa hiyo linganisha. Kama somo ulilipita kwa shida na ndilo msingi wa kazi uliyochagua, lifanye upya.

Andika upya wasifukazi kwa meza hiyo moja. Badala ya "nina ujuzi wa uhasibu", andika "nimelinganisha taarifa za benki za akaunti tatu za Sacco kwa miezi kumi na miwili", ikiwa ndivyo ulivyofanya. Kwa ajira za umma, zijue hati zinazodaiwa: KRA, HELB, tume ya maadili EACC, cheti cha polisi cha tabia njema ambacho huombwa kupitia eCitizen, na ya taasisi ya taarifa za mikopo. Hiyo ya mwisho huwanasa wengi kwa deni dogo la simu walilolisahau. Angalia jina lako mapema.

## Ukitaka kubadilisha njia baadaye

Baadhi ya milango hufunguka upande mmoja kirahisi kuliko mwingine. Kutoka ofisi ya ukaguzi unaweza kwenda kiwandani, kwenye Sacco, kwenye shirika au kaunti, kwa sababu umeona vitabu vya wote. Kutoka mikopo unaweza kwenda benki kubwa au usimamizi wa hatari. Kutoka uhasibu wa miradi kwenda biashara ya kawaida inawezekana, ila utaulizwa kodi, nawe umezoea misamaha, kwa hiyo jifunze VAT ukiwa bado huko.

Kigumu ni kutoka mauzo ya bima au ya akaunti kwenda uhasibu baada ya miaka minne bila kugusa vitabu. Kama umeanzia huko kwa sababu ya kodi ya nyumba, tafuta mahali pa kushika kalamu wikendi: hesabu za chama, za kanisa, za duka la binamu yako. Zifunge kila mwisho wa mwezi, uzichapishe, mwenyewe atie sahihi kwamba amezipokea. Makaratasi hayo ndiyo utakayoyaweka mezani siku ya mahojiano.